Jani la Isale Lenye Utepe Mwekundu

Mapenzi yangu kwa Adrian yaliingia mdudu mchana kweupe, mbele ya sahani ya samaki wa tangawizi, katika mgahawa mmoja wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, uliokuwa umejaa Watanzania. Yeye alikuwa akinyonya kichwa cha samaki huyo, midomo inang'aa mafuta, na meza nzima ilikuwa ikimshangilia. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala naye, nimeshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, nikimwonea kinyaa.

Na muda mfupi tu kabla ya hapo nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Guangzhou.

Nilikuwa nimefika nimechelewa kutoka ofisini, nikawakuta wamekwisha agiza. Kundi zima lilikuwa limerudi jana yake kutoka milima ya theluji ya Sichuan, safari ya kwanza ambayo mimi na Adrian tuliipanga kwa mikono yetu. Nyuso zao zilikuwa zimeungua na jua la mlimani, isipokuwa pale kwenye macho walipovaa miwani. Adrian naye alikuwa na alama hizo. Mungu anisamehe, zilimpendeza. Aliponiona naingia aliinua macho, akanitazama vile anavyonitazamaga, kana kwamba mgahawa mzima umetoka nje ukatuacha wawili.

Kaka yangu Didas, ambaye hakusafiri nao, akasimama na chupa yake ya bia.

"Shemeji!" akamwita Adrian kwa sauti. "Leo nakuita shemeji mbele za watu. Nilikudharau, nakiri. Lakini mwanaume anayewapeleka wauza nguo wa Kariakoo juu ya theluji na kuwarudisha wanacheka, huyo ni mwanaume. Kesho nampigia baba simu Kibosho."

Neno hilo moja, shemeji, nililingoja tangu siku Adrian aliponiambia ananipenda. Kaka hakumtaka. "Mtu aliyekuwa akibeba mabegi ya Wazungu mlimani atakutunza na nini?" ndivyo alivyokuwa akisema kila nikilitaja jina lake. Adrian ni mtoto wa Kilema, chini kabisa ya Kilimanjaro, na alipanda mlima ule kama mpagazi, kisha kama kiongozi wa watalii, mpaka wageni fulani wa Austria wakampenda wakamchukua kwao akajifunza skii, zile mbao ndefu nyembamba ambazo mtu hujifunga miguuni akateleza juu ya theluji. Jinsi alivyoishia Guangzhou kununua mabuti na makoti ya baridi kwa ajili ya wapagazi wa nyumbani, hiyo ni hadithi ndefu. Mimi ndiye niliyemkatia tiketi yake ya kwanza.

Basi nilikuwa nalia kwa furaha, machozi yananidondokea kwenye chai, Joyness alipokuja kuketi kando yangu.

Joyness ni mwenyeji wa Iringa, mnunuzi wa vitambaa, anayekaa ghorofa za juu katika jengo lile lile la Tianxiu Dasha ninakofanyia kazi. Wenye maduka wanamwogopa. Humdanganyi Joyness kuhusu kitambaa. Anafumba macho, anakisugua kwa vidole vya mkono wa kulia, anakwambia pamba ni kiasi gani na uongo ni kiasi gani. Sasa mkono huo wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nene.

"Dada Felisia, nimekuja kukushukuru," akaniambia, anatabasamu.

"Kunishukuru kwa lipi? Na mkono huo umefanyaje?"

"Baridi tu, dada. Glavu ilinivuka kule juu, upepo ukaondoka nayo. Daktari wa Chengdu amesema vidole hivi viwili huenda visisikie tena. Nakigusa kitambaa hivi, ni kama nagusa hewa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuharibu sherehe. "Lakini nimefika begani mwa mlima! Mimi, mtoto wa mama Odilia! Na kama si wewe nisingepanda."

"Kama si mimi?"

"Asubuhi ile upepo ulikuwa unalia kama fisi. Nikamwambia kaka Adrian mimi sitoki, nabaki na jiko. Ndipo akaniambia, 'Felisia ameongea na mwenye nyumba kwa Kichina, amesema hali itatulia, mpande bila wasiwasi.' Nikasema basi, kama ni Felisia aliyesema, navaa viatu. Wewe huwa huongezi neno wala hupunguzi."

Hapo ndipo nilipomtazama Adrian. Alikuwa amefika kwenye kichwa cha samaki.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukadhani nimekasirika bure.

Mwaka Mpya wa Kichina ukiingia, viwanda vyote vya Guangzhou vinafunga. Wafanyakazi wanarudi kwao, maduka yanashusha mageti, na mfanyabiashara wa Kitanzania ambaye mzigo wake haujakamilika hana la kufanya ila kulala na kuhesabu nyufa za dari. Adrian ndiye aliyeliona hilo. "Tuwapeleke wakacheze theluji," akaniambia. Tulipanga safari hiyo ofisini kwangu, katikati ya maboksi ya sampuli, yeye akichora mlima juu ya mfuniko wa boksi la viatu, mimi nikimkatia chungwa. Nilimpenda zaidi siku zile kuliko wakati wowote. Alikuwa makini. Siku za kwanza wajifunze kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba ya wageni. Kisha, hali ikiruhusu, wafunge ngozi za kukwea chini ya skii ili zisirudi nyuma, wapande taratibu mpaka begani, wavue ngozi, wateleze kurudi. Pale penye mteremko mkali avuke mtu mmoja mmoja. Adhuhuri ikiwakuta njiani, wageuze.

"Na hali ya hewa ikiyumba?" nilimuuliza.

"Milima ile mwezi huu huwa inayumba tu, Feli. Leo jua, kesho ukungu. Theluji mpya ikilala juu ya ile iliyoganda, haijashikana nayo. Mtu akikanyaga vibaya, blanketi lote linashuka naye. Kwa hiyo sheria ni moja. Kila asubuhi tunamuuliza Bibi Luo. Akisema hapana, ni hapana."

Bibi Luo ndiye mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo aliyezaliwa pale pale mlimani. Hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na Adrian Kichina chake kiliishia kwenye laoban, yaani bosi, na tai gui, ghali mno. Mimi nilisoma Wuhan miaka mingi. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila asubuhi watanipigia simu, Bibi Luo aniambie mlima umeamkaje, nami nimwambie Adrian. Hiyo ndiyo kazi yangu hata siku za kawaida, ukalimani. Watanzania wa Xiaobei wanakaa mezani kwangu, Mchina upande huu, wao upande ule, na ninachosema mimi ndicho wanachokitegemea kufunga mzigo. Sina duka wala kontena. Nina neno langu tu.

Asubuhi ile Bibi Luo alikuwa karibu apige kelele kwenye simu. Imeanguka theluji nyingi, alisema, na upepo unageukageuka, na jua linatoka na kupotea. Asipande mtu. Nilimwambia Adrian hivyo hivyo, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angekielewa: "Msipande. Kaeni kwenye kilima cha nyuma."

"Sawa, mpenzi wangu," alinijibu. Jioni akapiga kusema siku ilikuwa nzuri sana, na mimi nikalala nikiwaza watu wazima wanavyobiringika kwenye kilima cha nyuma.

Basi, niliposikia ya Joyness, nikasimama pale mezani.

"Adrian, njoo nje."

Watu wakapiga miluzi, wakidhani tunakwenda kubusiana. Tulisimama chini ya barabara ya juu, magari yakinguruma vichwani mwetu. Alikuwa bado anajifuta vidole kwa karatasi.

"Nilikwambiaje kwenye simu?"

Akacheka. "Feli, tumerudi wote."

"Sijauliza kama mmerudi. Nilikwambiaje?"

"Ulisema tusipande."

"Na wao uliwaambia nilisema nini?"

Akaikunja ile karatasi yenye mafuta ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, kisha akaitia mfukoni mwa koti.

"Ilikuwa siku yetu ya mwisho kule," akasema hatimaye. "Kaka yako alishaniambia safari hii ikifeli nisimtafute tena. Ningerudi vipi? Nimwambie tulicheza kwenye kilima cha watoto? Angenicheka mpaka mwakani. Nilifanya kwa ajili yetu, Feli. Kwa ajili yako."

"Usiniingize mimi."

"Nani asiyejua kwamba wewe ndiye kila kitu changu? Mlima naujua. Nimezaliwa chini ya mlima."

"Umezaliwa chini ya mlima wa kwenu! Huu umeujua lini? Na kama uliujua, kwa nini hukuwaambia 'mimi Adrian nasema tupande'?"

"Wasingekubali."

Alilisema hivyo hivyo tu, bila kuona haya, kama mtu anayekueleza kwa nini alivaa koti. Na palepale, huku macho yake mazuri yakinibembeleza, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto, laini, vinateleza kwa mafuta ya samaki. Vyote vilikuwa vizima. Nilijinasua nikatema mate barabarani, mimi ambaye mama alinichapa utotoni kwa kosa hilo hilo.

"Unanitemea mate?" akauliza, sauti imemkauka.

"Natema neno lako. Limenikaa kinywani tangu mezani."

Usiku ule sikumpokelea simu, wala sikulia. Niliosha mikono mara nyingi, sabuni ikabaki kipande. Kilichonitia kinyaa zaidi si yeye, ni moyo wangu, ambao kila simu ilipolia uliruka kama mbwa aliyesikia hatua za mwenyewe.

Asubuhi akaja ofisini. Hakuja peke yake. Kaka Didas alitangulia, amevaa shati la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili, na nyuma yake Adrian ameinamisha kichwa, mikono yote miwili mbele. Katika mikono hiyo kulikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Asiyetoka kwetu huenda hajui uzito wake. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na kwenye makaburi. Mchagga akikukosea, hata akiwa amechoma nyumba yako, akija na isale mkononi humfukuzi. Unalipokea na unasamehe. Bibi yangu alipokea isale kutoka kwa mtu aliyemwibia ng'ombe, akalia wiki nzima, lakini alisamehe. Ukilikataa, unakuwa umewakataa na waliolala ardhini.

"Mdogo wangu," kaka akaanza, kwa sauti ya wazee wa kwetu. "Sijui amekukosea nini na sitaki kujua. Mambo ya wapenzi ni yenu. Lakini ona alichokuja nacho. Unalijua."

"Nalijua, kaka."

Adrian akapiga goti kwenye sakafu yangu, katikati ya maboksi, pale pale alipochorea mlima. "Felisia," akasema, "nimekosa. Nisamehe." Alikuwa hajalala, macho mekundu, ndevu zimeanza kumchoma kidevu. Nilitamani kumshika kichwa nikilaze tumboni mwangu. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

Ndipo nikaona kwamba kwenye shina la jani kulikuwa na kipande cha utepe mwekundu.

"Umelitoa wapi?"

"Hapo chini," akasema polepole. "Kwenye chungu cha maua karibu na lifti. Wachina wanaliweka la bahati, la Mwaka Mpya. Lakini ni isale lile lile, Feli. Isale ni isale."

Nusura nicheke. Mtu ameiba hata jani la kuombea msamaha. Lakini Guangzhou haina kihamba, nikajiambia, angelitoa wapi? Hilo ningelimeza.

"Simama," nikamwambia. "Twende juu kwa Joyness."

"Kwa Joyness kufanya nini?"

"Yeye ndiye mwenye vidole. Mpelekee isale, mwambie Felisia alisema msipande. Ukimaliza, tutarudi hapa tuzungumze mimi na wewe."

Alimtazama kaka, kisha akanitazama mimi. Na akatabasamu, lile tabasamu la kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Joyness si wa kwetu, mpenzi. Hajui isale ni nini. Na hana kinyongo hata kidogo, jana si ulimsikia? Anashukuru. Ukimpelekea jani la msamaha, si ndiyo atajua kuna kosa?"

"Ndiyo maana yake, Adrian."

"Mdogo wangu," kaka akaingilia, "tumia akili. Watu wameshaomba safari ya pili. Haroun, aliyekuwa safarini, analeta wenzake wa Zanzibar. Ukianza kupeleka maneno juu huko, nani atapanda tena? Mwenyewe hajalalamika."

"Kwa hiyo isale ni la kunifunga mimi mdomo," nikasema. "Mimi kwa sababu ninalijua, siwezi kulikataa. Yeye kwa sababu halijui, hapewi."

Nilimtazama Adrian pale chini alipopiga goti, nikamwona mzima mzima kwa mara ya kwanza, na kinyaa changu kikatulia kikawa kitu baridi, kitu ambacho ningeweza kutembea nacho. Nikanyoosha mikono nikalipokea lile jani.

Kaka akashusha pumzi. Adrian akafumba macho, akashukuru Mungu kwa sauti.

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Mimi ni binti wa Kibosho, sina ruhusa ya kukataa. Lakini isale linaomba msamaha tu, Adrian. Haliombi mke."

"Feli!"

"Kaka, usimpigie baba simu."

Nikatoka. Nilisikia kiti kikianguka, nikasikia hatua zake zikinifuata kwenye korido, anaita jina langu vile vile anavyoliita tukiwa wawili, na kila alipoliita mgongo wangu ulitaka kugeuka. Lifti ikafunguka. Niliingia, nikauzuia mlango kwa mguu.

"Unakuja?" nikamuuliza. "Njoo tu useme mwenyewe. Ukisema mwenyewe, sijui, Adrian. Labda."

Alisimama pale, karibu na kizingiti, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake. Alitazama vitufe vya ghorofa. Akatazama nyuma, kwa Didas aliyesimama mlangoni mwa ofisi. Kisha akatazama viatu vyake. Mwanaume huyu aliwavusha watu kwenye theluji isiyoshikana, na hakuweza kuvuka kizingiti cha lifti.

Niliutoa mguu wangu.

Joyness alinifungulia akiwa na kanga kiunoni. Kitandani kulikuwa na vipande vya vitambaa vimetapakaa, naye alikuwa anajifunza kuvisugua kwa mkono wa kushoto. "Hiki nimesema pamba, kumbe nailoni," akaniambia, anacheka. "Karibu dada. Mbona umebeba ua?"

"Si ua. Kwetu linaitwa isale. Mtu akikukosea sana anakuletea hili."

"Nani kanikosea?"

Nilimwambia. Nilimwambia aliyoyasema Bibi Luo, na niliyoyasema mimi, na yaliyofika kwake. Sikuongeza neno wala kupunguza. Nikamwambia kwamba aliyepaswa kulileta ameshindwa kuja, lakini jina lililompandisha mlimani lilikuwa langu, basi jina hilo hilo ndilo limekuja na jani.

Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alikaa kitandani juu ya vile vitambaa, akautazama mkono wake uliofungwa, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Chini. Lifti ilikuwa wazi."

Kisha, kwa mazoea, akanyoosha mkono wa kulia kulipokea. Jani likateleza kwenye bandeji bila yeye kulisikia, likaanguka sakafuni na utepe wake mwekundu. Tuliinama wote wawili, lakini yeye akawahi. Aliliokota kwa mkono wa kushoto, na kwetu sote, Kibosho hata Iringa, mtu hapokei kitu kwa mkono huo.

"Samahani, dada," akasema, machozi yanamshuka. "Ndio niliobaki nao."